Siku linki ya harusi ilipotoka nje ya ua

Jumanne moja, siku kumi na moja kabla ya ndoa ya binti wa kaka yangu, shangazi yetu mkubwa alituma sauti ya dakika nne kwenye grupu la harusi. Shangazi haandiki. Huishika simu mbele ya mdomo kama mtu anayetaka kuuma kipande cha muhogo, akabonyeza, akamwaga. Usiku ule alikuwa na mambo na upande wa bwana harusi: kwamba siku ya posa walichelewa saa mbili nzima, kwamba vitenge walivyoleta vitachujuka kwa maji ya kwanza, kwamba mzee aliyewasemea alikuwa hajui hata jina la babu wa bi harusi. Akamalizia kwa kile kicheko chake kinachojulikana barabara nzima.

Tukacheka nasi. Vijana wakarusha vikatuni vya kutoa machozi. Dakika tano baadaye namba isiyo na jina ikaandika: "Asante, shangazi. Tumesikia."

Alikuwa dada mkubwa wa bwana harusi.

Wanaoifahamu Buyenzi watajua ninazungumzia mtaa gani. Ni ule wa Waswahili wa Bujumbura, wenye barabara zinazoitwa kwa namba, mafundi gereji waliolala chini ya magari tangu asubuhi, misikiti, na Kiswahili kinachoanza kusikika kabla ya jua kutoka. Hapa watu huishi wakipakana. Ukikaanga samaki, jirani anajua ni mukeke au sangala. Lakini pamoja na kupakana huko, kila nyumba ina uani wake, na ya uani hayatoki. Shangazi alidhani yuko uani.

Mlango alikuwa ameufungua kijana wa kamati, mchana wa siku ile ile, kwa nia njema kabisa. Michango ilikuwa imelala. Mweka hazina alikuwa akiituma orodha ile ile kila asubuhi, namba moja hadi namba sitini na moja, jina na kiasi, na mbele ya majina mengine pengo tu. Kijana akaona dawa ni kuwaita watu zaidi. Akachukua linki ya grupu, akaiweka kwenye grupu la timu yake ya mpira, la waliosoma naye, na moja la wafanyabiashara wa sokoni ambalo hata yeye hakumbuki aliingiaje. Hakumwambia mtu. Kufikia magharibi tulikuwa karibu mia mbili, na shangazi, asiyejua kwamba juu ya skrini kuna mahali panapoonyesha idadi ya watu, akashika simu yake kama kawaida.

Tangu wakati huo nimekuwa nikimuuliza kila mtu swali moja: shughuli ya watu wachache ikitaka kuwa ya watu wengi, nani mwenye haki ya kufungua, na anafungua nini hasa?

Kwa Warundi swali hili lina jina la zamani. Hatua ya kwanza ya ndoa kwa Kirundi huitwa gufata irembo, yaani kushika mlango wa ua. Wajumbe wa kijana huja, husimama pale pa kuingilia, hueleza shida yao kwa mafumbo, na wenyeji huamua kama wataingia na watakaa wapi. Baadaye ndipo huja gusaba, kumwomba binti, ambapo wazee wawili wenye ndimi kali hubishana mbele ya wageni kuhusu ng'ombe ambao mara nyingi siku hizi ni bahasha. Katika ndoa zetu za Kiislamu taratibu zina majina mengine, lakini wengi tumeoleana, na neno irembo limeingia hadi Buyenzi. Maana yake haibadiliki: pana mlango, na pana mtu wa kuulizwa kabla haujafunguliwa.

Linki haiulizi mtu. WhatsApp iliileta mwaka 2016, mwaka ule ule ilipopanua makundi kutoka watu 100 hadi 256. Kabla ya hapo admini alilazimika kumwingiza kila mtu kwa namba yake, kazi ya kuchosha ambayo, nikiifikiria sasa, ilikuwa na faida yake. Mwaka 2022 makundi yakafika 512, kisha 1,024. Grupu la watu elfu moja si familia tena, hata likiitwa "Ndoa Yetu". Na linki haina macho: yeyote aliyeishika huingia, mradi admini hajaibatilisha au hajaweka sharti la kuidhinisha wanaoingia. Februari 2020 ilibainika kwamba linki za makundi ya WhatsApp zipatazo 470,000 zilikuwa zikionekana kwa kuzitafuta tu Google, kwa sababu wenyewe walikuwa wamezibandika mahali pa wazi. Kati ya makundi hayo bila shaka yalikuwamo ya harusi na misiba ya watu.

Anayeingia kwa linki kwa kawaida hayaoni yaliyosemwa kabla yake. Kijana wetu alijitetea kwa hoja hiyo, na ni kweli. Ila anaona namba za simu za wote waliomo, wajane na mabinti wa shule wakiwemo. Na waliomo hawabadiliki kwa sababu yeye ameingia. Wanaendelea kuongea kama walivyoongea jana, kwa makubaliano ya jana. Kesho yake alfajiri, kabla hatujaamka tukatafakari, mweka hazina alituma orodha yake kama kawaida, na watu mia na thelathini tusiowajua wakasoma nani katika ukoo wetu ametoa faranga laki moja na nani hajatoa hata mia.

Wakazi wa jiji hili hatukupaswa kushangaa. Tuna historia na milango ya simu.

Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipoanza Bujumbura, redio RPA ilifungwa, na siku chache baadaye kampuni za simu ziliamriwa kuzuia Facebook, Twitter, WhatsApp na Viber. Watu wakajifunza kukwepa zuio kwa VPN kwa siku mbili tatu, hata wasiojua herufi hizo zina maana gani. Kisha likaja jaribio la mapinduzi la Jenerali Godefroid Niyombare, tarehe 13 Mei, Rais akiwa Dar es Salaam mkutanoni. Kati ya siku hiyo na kesho yake redio zilishambuliwa moja baada ya nyingine: RPA, Bonesha FM, Isanganiro na Renaissance, na kwa upande wa pili Rema FM iliyokuwa karibu na serikali. Mji uliozoea kuamka na redio ukaamka kimya. Asiyeishi hapa siku zile hawezi kujua ukimya ule ulikuwaje. Ulikuwa unasikia risasi na hujui ziko mtaa gani.

Ndipo waandishi waliobaki bila vituo wakaanzisha SOS Médias Burundi, wakitoa habari kwa Facebook, Twitter na sauti za SoundCloud. Wenzao waliokimbilia Kigali wakawa na vipindi vya Humura na Inzamba. Vipindi vile havikuhitaji mnara. Vilikuja kama faili ya sauti, ikatumwa kwa mtu mmoja anayeaminika, naye akaipeleka kwa grupu la ndugu zake, na mmoja wa ndugu akaipeleka kazini. Kufikia jioni taarifa iliyoanza chumbani kwa watu wanne imesikika mitaa ya Kamenge, Musaga na Nyakabiga. Waliofungua mlango walifungua kwa makusudi, wakijua wanachofungua: sauti iliyotengenezwa ili isikike. Majina ya walioitengeneza na nyumba walimokuwa vilibaki ndani.

Hicho ndicho ninachokiona cha maana katika kisa chote. Watu wale, wakiwa na hofu ambayo kamati yetu ya harusi haiwezi hata kuiota, walitenganisha vyumba viwili. Kimoja cha kufanyia kazi, chenye watu wachache wanaojuana. Kingine cha kutangazia, ambacho yeyote aliweza kuingia. Hawakuchukua chumba cha kwanza wakakibomolea ukuta.

Waliovichanganya walipata taabu. Agosti 2016 polisi wa Bujumbura waliwakamata watu 54 kwa tuhuma zilizohusu ujumbe wa kukashifu uliozungushwa WhatsApp. Baadaye 46 wakaachiwa, wanane wakabaki. Karibu zaidi na sisi ni kesi ya mwandishi wa habari Sandra Muhoza. Alikamatwa Aprili 2024 kwa maneno aliyoandika ndani ya grupu la WhatsApp la waandishi wenzake. Hakuyaandika gazetini wala hakuyasoma redioni. Desemba mwaka huo mahakama ya Mukaza, hapa mjini, ilimhukumu kifungo cha miezi 21, kwa makosa ya kuhatarisha ukamilifu wa mipaka ya taifa na kuchochea chuki ya kikabila. Mashirika ya kutetea waandishi yalilaani hukumu ile, na shauri likaendelea ngazi za juu. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya sheria. Ila tangu hapo, ninapoandika lolote kwenye grupu la watu kumi, naandika nikijua kwamba faragha ya grupu ina urefu wa kidole cha mmoja wao.

Mtu atasema: mwandishi, ulianza na vitenge umetufikisha mahakamani. Nakubali. Lakini grupu la harusi ni mtoto wa miaka ile. Machafuko ya 2015 yaliwatoa Warundi zaidi ya laki nne nje ya nchi: Nyarugusu, Nduta na Mtendeli upande wa Kigoma, Mahama kule Rwanda, Nakivale Uganda. Wengine walikuwa wametangulia zamani, Ubelgiji, Kanada, Australia. Ukoo uliokuwa ukikutana uani ukabaki na mahali pamoja tu pa kukutana wote, napo ni kwenye simu. Kwa hiyo grupu likabeba kila kitu: tanzia, dua, karo za watoto, taarifa ya kituo chenye mafuta leo, na sauti za shangazi. Tukijiuliza kwa nini orodha ya michango inapovuja inauma kuliko deni la dukani, jibu liko hapo.

Na harusi yenyewe imebadilika. Julai, msimu wa kiangazi ambao Jumamosi hazitoshi, kila ukumbi wa Bujumbura una kijana mwenye simu juu ya kijiti cha miguu mitatu. Anarusha mubashara. Nikah ikifungwa saa nne asubuhi kwetu, Ottawa ni saa kumi alfajiri na kuna mjomba amejifunika blanketi anaangalia bila kuwasha taa asiwaamshe watoto. Brisbane ni saa kumi na mbili jioni, wamekaa sebuleni familia nzima wamevaa nguo za harusi. Niliwahi kuona, katika ndoa ya jirani mwaka juzi, bibi harusi akisimamishwa mbele ya simu ili mama yake mdogo aliye kambini amwone akiwa na shela. Mtandao ulikatika mara tatu. Ukumbi mzima, watu mia tatu na zaidi, walinyamaza wakingoja urudi. Uliporudi, sauti ikaja kabla ya picha, vigelegele vya mtu mmoja, vyembamba, vikikatika-katika, na wanawake wa ukumbini wakavipokea. Sijaona matumizi bora ya megabaiti.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wazee wanaosema mambo ya ndoa yasitoke nje kabisa. Yametoka zamani, na wengine wetu tuko nje huko huko. Hata serikali inajua kwamba sherehe ya mtu binafsi ina sehemu inayomilikiwa na wote: ngoma za Burundi, zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa binadamu, ziliwekewa amri ya Rais Oktoba 2017, kwamba wanawake wasizipige na kwamba atakayezitaka kwenye sherehe isiyo ya kitaifa aombe kibali na kulipia faranga 500,000. Ni nyingi, na nadhani zimewafanya wengi waoe kwa kinanda.

Ulaya walishalipia somo la mlango ulioachwa wazi. Septemba 2012, katika mji mdogo wa Haren, Uholanzi, binti aliyekuwa akitimiza miaka 16 alitengeneza mwaliko wa Facebook kwa ajili ya marafiki, akasahau kuufunga. Alipogundua akaufuta, lakini wengine walikwisha kuunda upya mwaliko ule kwa jina lao. Jioni ya tarehe 21 walifika maelfu, wakachoma moto, wakapora duka, wakapigana na polisi. Ikaundwa tume chini ya Job Cohen, aliyekuwa meya wa Amsterdam, na ripoti ilipotoka mwaka uliofuata meya wa Haren akajiuzulu. Facebook, kwa upande wake, ina kanuni ambayo wengi huiona usumbufu: tukio uliloliunda kama la faragha huwezi kuligeuza kuwa la wote, sharti uunde jingine. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioilalamikia. Sasa naiona ni kanuni ya mtu aliyewahi kuwa na shangazi.

Maana ndivyo tulivyofanya mwisho, baada ya siku mbili za aibu. Kikao kilikaa uani kweli, kwenye viti vya plastiki, bila simu. Mwenyekiti wa kamati alitaka mlango ubaki wazi, na hoja yake haikuwa ndogo. Tangu linki itoke, watu tusiowajua walikuwa wametuma michango kwa simu, kwa Lumicash: fundi aliyewahi kutengenezewa cherehani na marehemu kaka yangu, mama mmoja wa Kinama aliyenunua mchele kwetu miaka ya tisini. Watu wale wasingetufikia kwa njia nyingine. Ukifunga mlango wakati mgeni mwema ameshaingia unamtukana.

Kwa upande mwingine alikuwa ameketi shangazi, hasemi kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Tukaamua kuwe na vyumba viwili. Grupu jipya likaitwa "Karibuni Harusini", linki yake ruksa kwa kila mtu, ikapelekwa kwenye timu ya mpira, msikitini na hata Brisbane. Ndani yake wanaotuma ni maadmini watatu tu: tarehe, ukumbi, namba ya mchango, na siku yenyewe matangazo ya mubashara. Hakuna orodha. Aliyetoa anashukuriwa kwa ujumbe wake peke yake. Grupu la zamani tukabatilisha linki yake, tukawaandikia waliokuja kwa mlango ule kwamba tumewahamishia sebuleni, na kuwaomba radhi. Wengi waliondoka wenyewe kwa adabu. Mmoja alikataa, tukamtoa.

Upande wa bwana harusi, kaka yangu wa pili na mimi tulikwenda wenyewe na kilo tano za sukari. Tuliketi pale pa kuingilia kwa muda wa kutosha kabla hatujakaribishwa ndani; nadhani walifanya makusudi, na walikuwa na haki. Dada yule mkubwa alitumiminia chai mwenyewe. Akasema vitenge vilinunuliwa kwa haraka, kwamba hata yeye hakuvipenda. Siku ya harusi alivaa sare moja na shangazi.

Limebaki jambo moja tusiloweza kulirudisha. Katika zile siku mbili, mtoto mmoja wa nyumbani aliweka picha ya bibi yetu akichambua mchele uani, kichwa wazi, kanga kuukuu imefungwa kifuani, amekunja uso kwa jua. Kwetu ilikuwa picha ya kuchekesha na kupendeza. Lakini bibi ni mwanamke wa kujisitiri, umri wake wote hajatoka barabarani bila mtandio. Hana simu ya intaneti. Aliambiwa na muuza ndizi kwamba picha yake inazunguka, ameandikiwa maneno juu. Hakugomba. Aliuliza tu ni watu wangapi wameiona, na sisi wote, tulio na simu kubwa na shahada, hatukuwa na jibu.

Kama ilikufikia, ndugu msomaji, popote ulipo, tafadhali ifute. Na usimtumie mwingine kumuuliza kama naye anayo.